Mbachao na Msala Upitao

Wasomaji wenzangu, nataka kuwasimulia jinsi nilivyokaribia kupotezwa na hesabu, mimi ambaye kazi yangu ni kufundisha hesabu.

Nafundisha katika shule ya watu binafsi hapa Tanzania, kwa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi. Mwaka juzi msimamizi wa shule aliniita, akasema, "Mwalimu, ukipenda, tangu Januari usiwe tena mwajiriwa, bali mwalimu wa kujitegemea kwa mkataba. Tutakulipa 750,000 kila mwezi wa masomo, na vipindi vyako vikiisha u huru kwenda utakako." Nalifurahi mno. Kabla sijafika nyumbani, moyoni nilikwisha kununua mabati.

Jioni nikamweleza jirani yangu, mzee seremala ambaye hajaajiriwa tangu ujana wake. Akaweka randa chini, akaniuliza neno moja tu: "Mwalimu, Desemba utalipwa na nani?"

Nikashika kalamu. Miezi ya masomo shuleni petu ni 9. Mara 750,000 ni 6,750,000. Mshahara wangu wa miezi 12 ni 7,200,000. Tena mwajiri huniwekea asilimia 10 katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ndiyo 720,000 kwa mwaka. Jumla ni 7,920,000. Basi, kilichoonekana kuwa nyongeza kwa mwezi kilikuwa upungufu wa 1,170,000 kwa mwaka! Kodi sikuitia, maana hutozwa pande zote mbili.

Zaidi ya hayo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 28 za likizo yenye malipo. Na akiugua, siku 63 kwa mshahara kamili, na 63 nyingine kwa nusu. Ajitegemeaye akiugua, mapato yake huugua pamoja naye.

Walakini mzee hakunishauri nikatae. "Mimi," alisema, "nina wateja wengi, mmoja akiondoka, wengine wapo. Wewe utakuwa na mmoja tu. Tena ndani ya bei yangu mna siku za mvua, na homa, na uzee. Je, ndani ya hiyo yako mna nini?"

Nikagawanya 7,920,000 kwa 9, nikapata 880,000. Nikaongeza kidogo kwa ajili ya homa, nikaomba 950,000. Msimamizi akacheka, akasema ni nyingi. Nikabaki na mshahara wangu. Mwenzangu mmoja, mwenye wanafunzi wengi wa kuwafundisha wakati wa likizo, aliukubali mkataba, wala hajuti. Maana hesabu yake si yangu.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nami naongeza: ukiazimu kuuacha, upime kwanza huo msala, wala usiupime kwa mwezi mmoja. Upime kwa mwaka mzima, na Desemba ikiwamo.