Land Rover Inayotetemeka Tosamaganga

Wadau, kama unaendesha zile gari ndogo zinazovutwa na tairi za mbele, huenda hujawahi kuiona propela kwa macho yako. Ni lile bomba la chuma linalopita chini ya gari kutoka kwenye gia boksi hadi kwenye difu. Kwa wiki mbili nimekuwa naliwaza kuliko habari ninazolipwa kuziandika, na sababu ni gari la baba mdogo.

Baba mdogo anaishi Tosamaganga, pale juu karibu na Kalenga, mwendo wa kilometa kama 15 kutoka Iringa mjini. Wengi mnapajua kwa sababu ya shule, au hospitali, au misheni ya Consolata. Gari lake ni Land Rover 109, zile zilizotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985. Ndilo linalosomba mahindi, mbao, maharusi, na usiku wa manane wajawazito wanaowahishwa hospitali. Sasa likifika kilometa 60 kwa saa lilikuwa linatetemeka mpaka dashibodi inaimba. Mzee alishalipia balansi ya tairi mara mbili mjini, akabadilisha na mauntingi za injini. Halikubadilika kitu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikwishaanza kulizungukazunguka.

"Kamwene mwandishi," akaniambia, "ninyi mmesoma, hebu liangalieni hili."

Nimesomea uandishi, si ufundi. Lakini kuuliza maswali ndiyo kazi yangu, na gari linajibu vizuri kuliko wanasiasa. Swali la kwanza: mtetemo unafuata injini au unafuata mwendo? Tulitafuta kipande cha barabara tambarare kisicho na watu, tukaenda 60 kwa gia ya tatu, kisha 60 hiyo hiyo kwa gia ya nne. Injini ilipunguza mizunguko, mtetemo ukabaki vile vile. Tukakanyaga klachi, bado upo. Basi injini haihusiki, na hela ya mauntingi imekwenda bure. (Jaribio hili msilifanyie Kitonga, tafadhali. Mteremko ule hauchezewi na gari isiyokuwa kwenye gia.)

Swali la pili: ni tairi au ni propela? Hapa hesabu ya darasa la saba inasaidia. Tairi la Land Rover ile likizunguka mara moja linatembea kama mita mbili na nusu. Kwa mwendo wa 60 linazunguka mara sita au saba kwa sekunde. Difu yake ni ya 4.7, maana yake propela inazunguka karibu mara tano kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, yaani zaidi ya mara 30 kwa sekunde. Tairi bovu linakutikisa, unaweza karibu kuhesabu. Propela inavuma, na mvumo unausikia kwenye kiti na sakafuni kuliko kwenye usukani. Wetu ulikuwa wa kuvuma.

Land Rover ile ina propela mbili. Tukafungua ya mbele, tukaendesha kwa tairi za nyuma peke yake. Mvumo upo. Basi mshtakiwa akabaki mmoja.

Kabla ya kuigusa ya nyuma, sikilizeni. Breki ya mkono ya gari hizi haikamati tairi. Inakamata ngoma iliyo nyuma ya gia boksi, pale propela inapoanzia. Ukifungua propela ya nyuma, huna breki ya mkono, na Tosamaganga ni kilima. Wenyeji wanalieleza jina la mahali pale kwa habari ya kurusha mawe, na mawe kweli hayakosekani. Tuliweka makubwa mbele na nyuma ya kila tairi ndipo nikaingia chini.

Nilichokikuta huko ndicho kimeniudhi. Kila mwisho wa propela kuna krosi, kile kiungo cha msalaba kinachoiwezesha kupinda. Waitaliano wanaihusisha na Cardano wa karne ya 16, Waingereza na Hooke wa karne ya 17. Krosi ikizunguka ikiwa imepinda haipeleki mwendo sawasawa, inaharakisha na kupunguza mara mbili kwa kila mzunguko. Ndiyo maana zinawekwa mbili, ya pili ifute kosa la ya kwanza. Inaweza kufuta tu kama uma mbili za kwenye ncha za propela yenyewe zimelala mstari mmoja. Za baba mdogo zilikuwa zimepishana. Kumbe miezi mitatu nyuma fundi mmoja aliichomoa propela ile katikati, kwenye meno yanayotelezeana, aipake grisi, akairudisha bila kuweka alama. Tone la rangi au hata chokaa lingetosha. Propela nyingi za aina ile zina hata vimshale vya kulinganisha, ila vyetu vilikuwa chini ya udongo mkavu.

Tuliichomoa, tukaisafisha, tukalinganisha vimshale, tukafunga. Kazi ya asubuhi moja, gharama ni grisi na soda mbili.

Mvumo wa 60 haupo tena. Ila krosi ya nyuma, niliposhika propela na kuizungusha kwa mkono huku na huku, ilicheza, na pembeni mwa kikombe chake kuna unga mwekundu wa kutu. Imeliwa kwa miezi hiyo mitatu. Mpya tunaifuata mjini Jumatatu. Mpaka ifungwe baba mdogo amekataa kubeba hata gunia, na jirani aliyekuja kuomba lifti ya kliniki ametafutiwa bajaji.