Fimbo Haifuti Wino

Hapa Soweto, Moshi, twaona kijana akirudi nyumbani na mchoro wa wino mkononi, wazazi wake wasijue habari. Baba hushika fimbo. Lakini fimbo haifuti wino ulioingia ngozini. Wamakonde nao walichanja nembo usoni, ila wazee wao walijua. Kinachotuuma sisi ni siri. Walakini yatupasa kuuliza kwanza habari za sindano: ilikuwa mpya, au ilipita kwa wengine? Sindano chafu yaweza kuleta ugonjwa wa ini na UKIMWI, na dawa ya kuzuia UKIMWI yapasa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Mtoto apigwaye kwanza hulificha jambo hilo, na saa zapita. Twende naye hospitali. Maonyo tutampa njiani.