Beringi Kumi na Sita

Kigari changu cha kwanza kilikuwa na beringi tatu. Mbili nyuma, moja mbele, ubao wa kukalia ulioachwa na mafundi kwa jirani, na kamba ya kuuongozea. Ilikuwa Tudor, Mombasa, mwaka 1984, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea mkono wa bahari. Beringi tulizipata gereji, kuukuu, zimejaa grisi iliyokauka, na zikikimbia juu ya lami zilipiga kelele ya kukuna meno, kelele ambayo hadi leo nikiikumbuka mdomo unanikauka.

Breki ilikuwa ndara. Ukitaka kusimama unaikandamiza lami kwa mguu mpaka mpira unanuka moshi. Ndara iliyolika upande mmoja ndiyo iliyotusaliti nyumbani, maana goti lililochubuka mtu aliweza kulificha ndani ya suruali. Na wakubwa hawakuwapo. Hilo nimelisimulia kwa fahari miaka mingi: hakuna mkubwa aliyetufunza, aliyetulipia wala aliyetushika mkono. Tulijiundia, tukajiangukia, tukajiinukia.

Kwa hiyo Desemba 2022, nilipojikuta nimesimama katikati ya Nairobi, Jumapili, saa tatu asubuhi, nikitoa shilingi 200 ili binti yangu wa miaka saba avae viatu vya magurudumu kwa muda wa saa moja, nilijiona kama mtu anayenunua maji ya bahari.

Asiyelijua eneo lile siku ya Jumapili hawezi kuliwazia. Kati ya wiki, upande ule wa Aga Khan Walk na barabara zinazoizunguka Mahakama ya Juu na jumba la KICC ni magari, makarani, mawakili na watu wenye bahasha za kaki. Jumapili wakati ule magari hayakuwapo. Ada ya maegesho haikutozwa siku hiyo, lakini hata bure maegesho hayakuwa na mteja. Ile lami tupu, yenye mistari myeupe ya kupangia magari, ndiyo iliyogeuka uwanja. Vijana walikuja na magunia na mabegi makubwa, wakapanga viatu ukingoni kwa ukubwa wa nambari, kama vile muuza mitumba anavyopanga, na kabla ya saa nne pakawa pamejaa watoto. Wazazi waliketi kwenye kingo za maua na chupa za maji. Viatu hivyo kila mtu pale aliviita skeiti, nami nitaviita hivyo.

Sikuwa na mapenzi na skeiti, na sababu yake ni ya zamani. Nilipohamia Nairobi mwaka 1996 nilikaa kwa mjomba wangu Buruburu, na kila asubuhi kwenye Jogoo Road niliwaona vijana waliodandia nyuma ya malori kwa mkono mmoja, miguu imebanwa pamoja, magurudumu yakitoa cheche za vumbi. Skeiti zao zilitoka soko la Gikomba, kwenye marobota ya mitumba, mara nyingi zikiwa kubwa mno, zimejazwa matambara vidoleni. Mjomba akiwaona alikuwa akisema, "Hao wamechoshwa na maisha." Nami niliyeshuka mteremko wa Tudor nikiwa nimekalia ubao, nilitikisa kichwa pamoja naye. Mtu akishapanda gari la mwenzake husahau upesi alikotoka.

Mwaka 2005 hoteli ya Panari ikafungua uwanja wa barafu kule Mombasa Road, wa kwanza Afrika Mashariki, na ghafla kuteleza likawa jambo la familia zenye uwezo. Baadhi ya vijana wa magurudumu walihamia barafuni, na humo ikazaliwa timu ya hoki ya Ice Lions, iliyokwenda Kanada mwaka 2018. Wengine walibaki kwenye lami. Kocha tuliyempata Jumapili ile alikuwa miongoni mwa hao waliobaki. Alipokuwa akimfunga binti yangu kamba aliniambia bila aibu kwamba yeye alijifunza kwa kudandia malori Jogoo Road. Nilinyamaza. Yawezekana niliwahi kumpigia honi.

Alimvalisha kinga za magoti, za viwiko, kisha za viganja, akizikaza moja baada ya nyingine. Hizo za viganja, alisema, mzazi asikubali kuzikosa, kwa sababu mtu akianguka hutanguliza mikono na kifundo cha mkono ndicho kinachoumia. Kofia tuliyopewa ilikuwa na kifungo kilichovunjika. Niliikataa, tukapewa nyingine baada ya minong'ono. Halafu, badala ya kumpeleka kwenye lami, alimpeleka kwenye nyasi.

Nilidhani ananipotezea saa yangu ya shilingi 200. Kumbe kwenye nyasi gurudumu halikimbii, na mtoto anaweza kutembea na ule uzito wa kiatu mpaka mguu uukubali. Visigino vikaribiane, vidole vitazame nje, kama miguu ya bata. Magoti yakunjwe. Mikono mbele, kama aliyebeba sinia. Na baada ya hapo akamfundisha kuanguka. Kuanguka kwenyewe, kwa makusudi, mara sita au saba: chuchumaa, goti la kulia chini, la kushoto, kisha viganja. Kuinuka kwake ni kupiga goti moja na kusukuma. Binti yangu alicheka sana, kwani hajawahi kuambiwa na mtu mzima aanguke tena vizuri zaidi.

Walipofika kwenye lami nilimshika mkono. Ni jambo ambalo mzazi halifikirii, mkono unakwenda wenyewe. Akaanza kuyumba, miguu ikimtangulia, mgongo ukirudi nyuma, nami nikamvuta juu, akazidi kurudi nyuma. Kocha akaja akasema kwa adabu, "Mzee, tafadhali mwachie." Akanieleza kwamba mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mrefu huwa ananing'inia, uzito wake wote unahamia kwa aliyemshika, anasimama wima, anaegemea visigino, na anayeegemea visigino juu ya magurudumu lazima aanguke chali. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwangusha. Akaniambia nisogee hatua kumi, na zaidi ya yote nisimwite jina akiwa katika mwendo.

Hatua kumi ni mbali. Nilizihesabu.

Alianguka mara tano katika zile dakika zilizobaki. Mara ya tatu alilia kidogo, akanitafuta kwa macho, nami nikajifanya ninatazama simu. Mara ya tano aliinuka kabla sijageuza shingo. Kusimama akiwa katika mwendo ndiko kulikomshinda, na hapo nilimwonea huruma, kwa sababu ugumu huo ni wa tangu mwanzo wa chombo chenyewe. Inasimuliwa kwamba John Joseph Merlin, Mbelgiji aliyetengeneza viatu vya magurudumu London katika miaka ya 1760, aliingia navyo kwenye sherehe huku akipiga fidla, akashindwa kugeuka wala kusimama, akakivamia kioo kikubwa cha thamani na kuumia vibaya. Ilichukua karibu karne nzima, mpaka mwaka 1863, kwa James Plimpton wa New York kuunda skeiti inayopinda ukiegemeza mwili upande. Hizi za magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja, kama alizovaa binti yangu, zilipata umaarufu kupitia ndugu wawili wa Minnesota, Scott na Brennan Olson, kuanzia mwaka 1980. Nyuma ya kiatu cha kulia pana kipande cha mpira. Ukisukuma mguu mbele na kuinua vidole, mpira unakwaruza lami. Nilipouinamia na kunusa nikaijua harufu ile. Ndara.

Jioni nilimpigia mama Mombasa, nikamwamkia, nikamsimulia. Nilitarajia anikemee kwa kumweka mjukuu wake juu ya magurudumu, maana mtoto wa kike kwake ana mipaka yake. Alicheka. Nikamwambia, basi na hivi namsimamia pale kama askari, sisi enzi zetu nani aliyetutazama?

"Kwani wewe wadhani nilikuwa sikuoni?" akasema. "Dirisha la jikoni latazama wapi?"

Nikajaribu kulikumbuka dirisha lile. Linatazama mteremko.

"Mbona hukuniita, mama?"

"Ningekuita ungegeuka. Ungegeuka ungeanguka."

Miaka 38 alikuwa na maneno hayo na hakuona haja ya kuyasema. Sikuwa na la kujibu. Nikamuuliza habari za mvua.

Baada ya hapo tulikwenda Jumapili nyingi, na nafasi yangu ya kusimama ikawa inarudi nyuma. Kutoka hatua kumi nikafika kwenye nguzo ya taa, kutoka kwenye nguzo nikafika kwenye ukingo wa maua, na mwishowe nikawa naenda mpaka upande wa pili kununua gazeti. Juni 2024, maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yalipoingia Bungeni, si mbali na uwanja wetu, tulikaa nyumbani wiki kadhaa, na niligundua kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza Jumapili ijayo itakuwaje. Binti yangu akajua kurudi nyuma, akajua kupita katikati ya vikopo vilivyopangwa mstari. Wasichana wakawa wengi kuliko Desemba ile ya kwanza. Kulikuwa na mmoja wa miaka kama kumi na miwili, amevaa hijabu chini ya kofia, aliyewapita wavulana wote kwenye mzunguko.

Binti yangu nilimnunulia jozi yake mwenyewe Gikomba, baada ya kubishana bei nusu saa. Skeiti nyingi za watoto hurefushwa kwa kubonyeza kitufe, kwa hiyo zimemfaa misimu miwili. Magurudumu hulika upande wa ndani, na kila baada ya miezi michache nayafungua kwa spana ya pembe sita, nayageuza, nayahamisha ya mbele nyuma. Ndani ya kila gurudumu mna beringi mbili. Magurudumu manane, beringi 16. Naziosha, nazikausha, napaka tone la mafuta, kisha naweka moja juu ya kidole na kuizungusha. Haitoi sauti hata kidogo. Kwa hesabu ya Tudor hizo ni vigari vitano na beringi moja ya akiba, ingawa kwa udogo wake, kipenyo cha milimita 22, hakuna kigari ambacho kingesimama. Nilimweleza hivyo binti yangu. Aliniuliza kwa nini hatukununua magurudumu.

Kwa msomaji mwenye mtoto na anayefikiria kumfundisha skeiti: fika uwanjani kabla ya saa nne, lami ikishapata moto anguko linachoma. Ikague kofia mwenyewe, usiseme utaona haya. Na mvalishe soksi ndefu, zipite juu ya kiatu. Wangu alikwenda na fupi siku ya kwanza, akarudi na malengelenge mawili kwenye kifundo cha mguu, na hayo ndiyo majeraha pekee aliyoyapata siku ile.