Kufundisha Asili ya Eksirei

Tulipokuwa tukifundisha Kagerankanda, wilayani Kasulu, mwanafunzi wetu mmoja alianguka kutoka mwembeni akavunjika mkono. Aliporudi kutoka hospitali, wenzake walikataa kuketi naye dawati moja. Walidai kuwa miale iliyopigia picha mifupa yake ingali mwilini mwake, nayo ingewaambukiza. Walipotuuliza, tuliwajibu kwa mkato: "Eksirei ni miale ya hatari." Jibu hilo likazidisha hofu.

Usiku ule tulitambua kosa letu. Tulikuwa tumetoa onyo bila kueleza jinsi miale hiyo inavyozaliwa.

Kesho yake tuliwapa watoto nyundo na misumari. Kwa zamu, waliugonga msumari juu ya jiwe mara nyingi, kisha wakaugusa: ulikuwa umepata moto. Wakaona kuwa mwendo ukizuiwa ghafla haupotei bure, bali hugeuka joto.

Ndipo tulipowaeleza juu ya mashine. Ndani ya bomba lisilo na hewa, waya mwembamba hupashwa moto kwa umeme hata ukatoa elektroni, chembe ndogo mno. Umeme wa makumi ya maelfu ya volti huzivuta kwa kasi kubwa, nazo huligonga bamba la tungsteni na kuzuiwa ghafla. Zaidi ya sehemu 99 katika 100 za nishati yao huwa joto, kama katika msumari. Kiasi kidogo kinachobaki huwa eksirei, jambo ambalo nyundo yetu haiwezi kulifanya. Wilhelm Röntgen aligundua miale hiyo huko Ujerumani mwaka 1895.

"Je, umeme ukikatwa?" tuliuliza.

Mtoto mmoja akajibu, "Nyundo imesimama."

Naam. Miale hukoma papo hapo, kama mwanga wa kurunzi iliyozimwa. Yaweza kuudhuru mwili inapoupenya, na ndiyo sababu wapiga picha hujikinga. Lakini haibaki ndani, wala haiambukizi.

Siku hiyo yule mvulana alipata mwenzake wa dawati.

Ndugu walimu mnaojiandaa kwa kazi hii, mtoto akiuliza juu ya jambo la kutisha, msimpe jina na onyo tu. Mwonyesheni linavyotokea, kwa vifaa vilivyopo kijijini.