Kitendawili Kisichotegwa

Huenda ukastaajabu kuikuta sataranji katika jarida hili, ambalo kwa desturi hushughulikia ngeli, arudhi na riwaya. Naomba unistahimilie. Haya niyaandikayo yalianzia kwenye ubao wenye miraba 64, lakini yaliniandama hadi kwenye tasnifu yangu ya uzamili, na sijui kwa yakini ni wapi la kwanza lilikoma na la pili likaanza.

Mimi ni mzaliwa wa Mbita, katika kaunti ya Homa Bay, pale daraja linapoiunganisha bara na kisiwa cha Rusinga. Baba yangu ni mvuvi wa omena. Waijuao kazi hiyo wanafahamu kwamba omena huvuliwa usiku kwa taa, na kwamba mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, kwa kuwa samaki hawana haja ya kuufuata mwanga wa chombo ilhali ziwa zima linang'aa. Usiku wa mbalamwezi, basi, ulikuwa usiku wa baba kukaa nyumbani, na kukaa nyumbani kulimaanisha ajua, ule mchezo wetu wa mistari miwili ya mashimo ambao ni ndugu wa bao la Waswahili. Mimi, mtoto wa kike, sikukaribishwa kucheza na wazee. Nilitazama tu. Sataranji nilikuja kufunzwa na mwalimu wa hisabati nikiwa kidato cha pili, kwenye ubao wa kadibodi, baadhi ya kete zikiwa zimepotea na nafasi zake kuchukuliwa na vifuniko vya soda.

Wanaisimu nao wana haki yao. Wachezaji wengi wa Kenya huzitaja kete kwa majina ya Kiingereza, jambo ambalo hunikera kidogo, kwa maana msamiati tunao. Neno sataranji tulilipokea kutoka kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi. Mfalme wa ubao ni shaha, neno lile lile tunalomwitia bingwa wa malenga, na wale askari wadogo wa mstari wa mbele ni vitunda. Aidha, kuna sadfa moja inipendezayo: bao la Waswahili lina mashimo 32 na kete 64, ilhali sataranji ina kete 32 na miraba 64. Sidai kwamba sadfa hiyo ina maana yoyote.

Katika sataranji kuna zoezi liitwalo fumbo. Mchezaji huonyeshwa hali fulani ya ubao, aghalabu iliyotokea katika mchezo wa kweli, kisha hutakiwa kutafuta pigo la ushindi. Tovuti ya Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, hutoa mafumbo haya bila malipo, nami nikawa mraibu. Nilifumbua kwenye matatu, kwenye foleni ya maktaba, na kwenye feri iendayo Luanda K'Otieno, nikiinua macho pale tu injini ilipobadilisha mlio. Alama zangu za mafumbo zikapita 2,100. Alama zangu za michezo dhidi ya watu, kwa upande mwingine, zilikwama 1,450 kwa muda wa miaka miwili. Ni kweli kwamba vipimo hivyo viwili havilingani na kwamba alama za mafumbo kwa kawaida huwa juu. Hata hivyo, pengo langu halikuwa la vipimo. Nilikuwa nikishindwa na watu ambao ningewafundisha mafumbo.

Tiba niliyoijaribu kwanza ilikuwa kuongeza kipimo cha dawa ile ile. Mmarekani Michael de la Maza alichapisha kitabu mwaka 2002 akieleza jinsi alivyopanda daraja kwa haraka kwa kurudia mafumbo elfu moja mizunguko saba. Nami nikajipangia mizunguko yangu. Kufikia wa nne nilikuwa nimeyakariri majibu, si mafumbo, kama mtahiniwa aliyeibiwa karatasi ya mtihani. Wengi tunaomwiga mtu yule hukumbuka mizunguko na kusahau kwamba wakati huo wote alikuwa akishiriki mashindano.

Kisha ikaja Kisumu. Mwaka 2023 timu yetu ilikutana na chuo kingine huko, na hadi alasiri tulikuwa sare, ikabaki meza yangu. Mshindi angelipiwa nauli na malazi ya raundi ya mwisho. Wenzangu wawili walikuwa mwaka wao wa nne na hawangepata nafasi nyingine. Mfalme wa mpinzani wangu alikuwa ameegemea pembe, vitunda viwili vimemkinga, ngome yake iko karibu. Malkia wangu alikuwa ameushika mshazari uelekeao kwake, na farasi wangu alikuwa mruko mmoja tu kutoka hapo. Anayecheza sataranji ameshajua nitakalolisema. Farasi anamtishia mfalme, mfalme anasogea. Farasi anaruka tena na kufungua njia ya malkia, hata mfalme akawa anatishiwa na wawili kwa mpigo mmoja, akarudi pembeni. Malkia anajitoa mhanga kando yake kabisa, ngome inalazimika kumla, na farasi anaingia kummaliza mfalme aliyezibiwa njia na watu wake mwenyewe. Hatua nne. Mbinu hiyo ya kumsonga mfalme imo katika kitabu cha Mhispania Lucena cha mwaka 1497, mwaka mmoja kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi. Nami nilikuwa nimeifumbua si chini ya mara mia.

Mpinzani alikuwa ndiyo kwanza amemtishia malkia wangu. Nikamwondoa malkia, nikamweka mahali pa salama, nikabonyeza saa. Nyuma yangu alikuwa amesimama mwenzetu mmoja wa mwaka wa nne aliyekwisha kumaliza mchezo wake, na kwa mujibu wa kanuni hakuruhusiwa kusema neno. Nilisikia tu viatu vyake vikitoka nje. Saa moja baadaye nilikuwa nimeshindwa, na timu nayo imeshindwa.

Wiki iliyofuata nilikuwa Mbita. Mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo baba alikuwa nyumbani. Hajui sataranji, lakini huzuni ya aliyeshindwa mchezoni anaijua vyema, akaniomba nimweleze. Nilimwonyesha hali ile kwenye simu, nikamwonyesha na mafumbo mengine yanayofanana nayo, nikiyamaliza moja baada ya jingine kwa sekunde chache. Akatazama kwa muda.

"Hiyo simu hukuambia nini kabla hujaanza?" akauliza.

"Huniambia weupe wacheze na washinde."

"Na kule Kisumu, mwanangu, ni nani aliyekuambia?"

Sikuwa na jibu. Lakini usiku huo, nikiwa kitandani, nilikumbuka jambo ambalo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi hulisoma mwaka wa kwanza na kulisahau. Kitendawili kina kiingilio. Mtegaji hutamka "Kitendawili!" na hadhira humjibu "Tega!" kabla ya fumbo lenyewe kutolewa. Kiingilio hicho hatukihesabu kuwa sehemu ya fumbo, ilhali ndicho kinachofanya nusu ya kazi. Ukisikia "nyumba yangu haina mlango" baada ya kiingilio, akili inaanza kusaka yai. Ukisikia maneno hayo hayo barabarani, utamhurumia fundi. Mzee akitaka kukusema kwa mafumbo hasemi "Kitendawili!" kwanza, hukwambia habari ya hali ya hewa ukaenda zako, ukazinduka siku ya tatu. Mafumbo ya simu yangu yote yalikuwa yametegwa. Ya Kisumu hayakutegwa.

Utafiti hauukatai ukweli huu, ingawa aghalabu hutumiwa kutetea upande wa pili. Mholanzi Adriaan de Groot, katika kazi yake ya mwaka 1946, na baadaye Wamarekani William Chase na Herbert Simon mwaka 1973, walionyesha kwamba bingwa akiutazama ubao kwa sekunde chache huweza kuupanga upya kwa usahihi kuliko mwanagenzi, lakini kete zikitawanywa ovyo ubora wake karibu wote hupotea. Yaani bingwa amehifadhi ruwaza. Makocha hutoa hitimisho kwamba basi tufumbue mafumbo ili tuhifadhi ruwaza, na hapo hawajakosea. Ila mimi ruwaza nilikuwa nayo. Nilichokosa ni sababu ya kuifungua ghala wakati ule, katika hatua ile, ambapo akili yangu ilikuwa imeshughulika kumwokoa malkia.

Nilirudi chuoni nikachukua rekodi za michezo 30 niliyoshindwa, nikaipitia kwa kalamu kabla ya kuionyesha kompyuta. Michezo 9 nilipoteza pigo ambalo lingekuwa fumbo rahisi. Michezo 14, na hii ndiyo iliyonitia haya, nilipigwa mimi. Fumbo lilikuwepo, ila halikuwa langu. Fikiri kidogo: katika mafumbo yote niliyowahi kufumbua, mwenye rungu daima ni mimi. Hakuna aliyewahi kunionyesha ubao na kuniambia kwamba hatua moja ijayo nitaumia, nijikinge. Nikaanza kuugeuza ubao, nikikaa upande wa atakayepigwa, na kujiuliza ni hatua gani aliyoicheza ikaufungua mlango. Mara nyingi ilikuwa hatua yenye sura njema kabisa: kitunda kimesogezwa, askofu ameacha kumlinda farasi ili ashambulie mbali.

Zoezi lililonifaa zaidi, hata hivyo, sikulibuni mimi. Nililibuniwa na yule yule mwenzangu aliyetoka nje kule Kisumu. Alikuwa amekwisha hitimu, anafundisha shule ya upili, na nilikuwa nimemwandikia kumwomba radhi. Hakunijibu kuhusu radhi. Alinitumia hali ishirini za ubao bila maelezo yoyote, akaniagiza nimwandikie katika kila moja ningecheza nini. Baadhi zilikuwa mafumbo. Baadhi zilitoka katika michezo ambayo kompyuta ilikuwa imethibitisha kwamba hapo hapana pigo la yeyote, ni kucheza tu. Hakuniambia zipi ni zipi. Katika ishirini za kwanza nilimtoa malkia mhanga bure mara saba! Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba kila ubao una siri, na pasipo na siri niliitunga.

Kila Jumapili aliniletea nyingine. Taratibu nikajifunza kuanza na maswali ya kishamba: mpinzani amecheza hivi ili afanye nini, kete ipi haina mlinzi, yangu na yake, mfalme yupi hana pa kukimbilia. Nikiona moja kati ya ishara hizo, ndipo ninapojitamkia "Kitendawili!" kimoyomoyo na kutafuta. Nisipoiona, nacheza hatua ya kawaida na kutunza saa. Nilipunguza pia michezo ya dakika tatu tatu, kwa sababu maswali hayo yanahitaji muda, na mtu hawezi kupata mazoea mapya akiwa mbioni.

Nimetaja tasnifu. Pembezoni mwa pendekezo langu msimamizi alikuwa ameandika maneno matatu: "Umekiona ulichokwenda kukitafuta." Nilinuna juma zima. Lakini alisema kweli. Tangu sekondari shairi lilinijia likiwa na maswali chini yake: bainisha inkisari, eleza bahari, taja tamathali katika ubeti wa tatu. Nilikuwa hodari wa kuitikia "Tega!" Nilipopewa diwani nzima ya uzamili, isiyo na swali hata moja, nilijiulizia yale yale ya mtihani na kuyajibu. Nilizimaliza kurasa 40 za takriri na istiari, na humo hamkuwa na shairi hata moja lililokuwa limenishangaza. Nikaanza upya, nikiisoma diwani ile bila kalamu, nikisimama pale tu mshororo ulipofanya jambo ambalo mshairi hakuwa na haja ya kulifanya. Kazi inakwenda polepole mno, na msimamizi bado hajaandika lolote la kunisifu.

Alama zangu za michezo zimefika 1,640 baada ya miezi kumi. Za mafumbo zimeshuka chini ya 2,000; natumia muda mrefu kujiuliza kama kuna kitu kabla ya kukitafuta, na hilo simu haikupi alama kwalo.

Mwaka 2024 tulicheza tena na chuo kile kile. Meza yangu haikuwa ya mwisho safari hii, na Mungu ashukuriwe. Katikati ya mchezo mpinzani aliniachia mfalme wake karibu wazi, malkia wangu na farasi wangu wote wako karibu, na kifua kikaanza kunidunda. Nilitafuta kwa dakika 11. Jioni nilimpigia baba simu, naye akaniuliza nilipata nini.

"Sikupata kitu, baba. Hapakuwa na kitu. Nikasogeza kitunda."

"Kisha?"

"Tukatoka sare."

Alinyamaza. Nyuma ya ukimya wake nilisikia mbegu zikidondoka mashimoni, moja moja, halafu akaniambia nisikate simu, amalize kwanza zamu yake.