Neno "Shusha" na Tela Langu

Wastaafu wengi wa rika langu, walipopokea kiinua mgongo, walijenga vyumba vya kupangisha au walifuga kuku wa kisasa. Mimi nilinunua tela la trekta, lile linalobinua bodi yake na kumwaga mzigo kwa nyuma. Walimu wenzangu walinitania kwamba nimepewa kiinua mgongo nami nimekitumia kununua kitu kingine chenye mgongo wa kuinuka. Utani ulinipendeza, hasa kwa kuwa waliousema walikuwa walimu wa Kiswahili.

Hapa Kilosa kazi haikosekani: mchanga, kokoto, matofali ya kuchoma, samadi, na mahindi wakati wa mavuno. Dalali atakusifia rangi. Wewe uliza ekseli. Nilichagua tela la ekseli moja kwa sababu sehemu ya uzito wa shehena hulalia ndoano ya trekta, na hapo magurudumu ya nyuma ya trekta hupata mshiko katika matope ya masika. Tela la ekseli mbili hujibebea uzito wake lenyewe. Ni tulivu barabarani, lakini dereva anayelirudisha nyuma katika kiwanja kilichobanana hutoka jasho. Kisha piga hesabu. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa takriban tani 1.6, na mchanga ukilowa huzidi hapo. Bodi ya mita 3 za ujazo hubeba basi karibu tani 5, na mteja anayetaka kichuguu juu yake anakuomba uvunje ekseli kwa nauli ileile. Mlimani, gia ndogo huingizwa kabla ya kuanza kuteremka. Bodi hubinuliwa penye ardhi sawa, mbali na nyaya za umeme.

Hayo fundi yeyote angewaeleza, tena vizuri kuliko mimi. Lililonileta kwenu ni kitenzi kimoja.

Katika kazi hii, kushusha ni kuondoa mzigo chomboni. Kushusha pia ni kuteremsha bodi iliyoinuliwa. Darasani niliyasifu sana maneno ya namna hii, kwani mshairi akipata neno lenye pande mbili amepata fumbo pasipo gharama. Siku moja tulipeleka mchanga uliolowa kwa mvua. Mchanga wa namna hiyo haumwagiki wote. Hung'ang'ania sehemu ya mbele ya bodi hata ikiwa imesimama. Utingo wetu aliingia chini ya bodi kukwangua matope yaliyoganda karibu na jeki. Fundi mwashi, aliyekuwa upande wa pili na hakumwona, alipaza sauti: "Shusha!" Alitaka mchanga uliobaki uondolewe kwa koleo. Dereva aliisikia amri, akavuta wenzo. Mafuta yakaanza kurudi, na bodi ikaja chini kwa uzito wake yenyewe.

Kijana yule yu hai kwa sababu ya gogo la mninga. Kabla hajaingia alikuwa amelisimamisha kati ya fremu na bodi, kama alivyofundishwa na utingo aliyemtangulia. Gogo lililia, halikuvunjika. Dereva alizima injini, akabaki kitini kitambo kirefu bila kusema neno. Hapakuwa na wa kulaumiwa. Fundi alisema Kiswahili fasaha, na dereva alikielewa kwa ufasaha uleule.

Tangu siku hiyo "shusha" ni marufuku kwenye tela langu. Bodi kwenda juu ni "binua", kurudi chini ni "laza", na kuondoa mzigo ni "pakua", ambalo jikoni lina maana nyingine, lakini kwetu hakuna sufuria. "Simama" aweza kuisema yeyote, hata mtoto apitaye njia. Amri nyingine hutolewa na mtu mmoja tu, na dereva hagusi wenzo kabla hajamwona utingo kwa macho yake. Gogo nalo limepisha nguzo ya chuma iliyochomelewa kwenye fremu. Rafiki mmoja aliuliza kwa nini sikuchukua "inua". Kwanza, bodi haiinuki yote: mbele huenda juu, nyuma hubaki kwenye bawaba, na huko ndiko kubinuka. Pili, mngurumo wa injini huimeza "inua", ilhali "b" ya "binua" dereva huiona hata midomoni.

Linalonisumbua sasa ni "rudi". Dereva akiambiwa arudi, aende kinyume au arejee mahali alipokuwa mwanzo, ambapo pengine ni mbele? Utingo anapendekeza "kinyumenyume". Lina silabi tano, nyingi mno kwa mtu aliyesimama nyuma ya tani 5. Mwenye neno fupi aniandikie.