Mng'ao wa Maji na Picha za Somo la Sayansi

Miongoni mwa wanachuo tuwafundishao, wapo waliozaliwa na kukulia bara, ambao hawajapata kuiona bahari kwa macho. Mmoja wao, alipopangiwa kufundisha somo la viumbe wa baharini katika mazoezi ya ualimu mkoani Singida, alituomba picha. Tukaona vema tukampigie wenyewe, pwani ya Tanga, wakati wa bamvu, bahari ikupwapo na kuacha vidimbwi miambani.

Adui wa kazi hiyo ni mng'ao. Maji hurudisha nuru ya mbingu, na kamera huona weupe mtupu mahali alipo kiti cha pweza. Dawa yake ni kichujio kiitwacho polaraiza, kifungwacho mbele ya lenzi na kuzungushwa taratibu mpaka mng'ao ufifie. Hufaa zaidi mtu atazamapo maji kwa mshazari, kiasi cha nyuzi 37 kutoka usawa wa maji. Ukiinama na kutazama wima, hata ukizungusha mchana kutwa hupati kitu. Hayo tuliyajua. Tulilolisahau ni kwamba kichujio hicho huzuia pia sehemu kubwa ya nuru tunayoihitaji: hatua moja na nusu hadi mbili, kwa kadiri ya kichujio chenyewe. Chetu kilikuwa cha hatua mbili.

Tulipima mwanga saa nne asubuhi, tukaipanga kamera kwa mkono: tundu f/8, muda 1/250 ya sekunde. Ndipo tukafunga kichujio. Kioo cha kamera hakikuonekana vizuri juani, nasi tukapiga picha zaidi ya 60 kwa furaha kubwa. Jioni tulizikuta zote ni giza, kwa kuwa robo tu ya mwanga ndiyo iliyopita. Muda ulipaswa kuwa 1/60. Kuziangaza kwa kompyuta kulileta chembechembe tu, na bamvu jingine lilikuwa wiki mbili mbele, siku tatu kabla ya mwanachuo wetu kusafiri.

Safari ya pili tulikosea kinyume chake. Tuliiachia kamera ipime yenyewe, kisha tukaongeza hatua mbili juu yake. Lakini kipimo kilichomo ndani ya kamera huiona nuru iliyokwisha kupita kwenye kichujio; upungufu huo kimekwisha kuuhesabu. Mchanga ukawa mweupe kama karatasi. Kwa bahati tulichukua kanga ya kujifunika tutazamapo kioo, tukaliona kosa katika picha ya tatu. Tangu hapo huzungusha kwanza, ndipo tukapima. Na kila tugeuzapo kamera kutoka ulalo kwenda wima, huanza upya. Atumiaye kipimo cha mkononi, yeye hana budi kuongeza mwenyewe.

Mwanachuo alifika shuleni na picha 12. Alituandikia kwamba watoto waligombania kuzishika, na mmoja akauliza kiti cha pweza hula kwa mdomo gani, maana hauonekani. Mdomo wake uko chini ya mwili. Picha ya upande huo hatukuwa nayo.